Rubisi si bia

Hebu itazame sentensi hii: "Wazee walikaa wakanywa bia." Kisarufi haina kosa. Lakini ipeleke Karagwe au Kyerwa, msomaji wa huko atauliza: bia gani?

Bia tumeichukua kwa Mwingereza, pamoja na baa, glasi na kreti. Sina ugomvi nayo. Ila bia inanunuliwa tu. Rubisi inaandaliwa: ndizi zinavundikwa, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, unatiwa mtama uliokaangwa, kisha inaachwa ichache. Kibuyu chake kikifika ukweni kimebeba maneno: tunaomba, tunashukuru, tumekosa.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa, alilijua hilo. Katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mume anadaiwa na wakwe pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Jasho la kuipika ndilo toba yenyewe. Weka kreti ya bia hapo, hadithi inakufa. Kreti inalipwa dakika moja!

Hata Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861, aliliacha neno "pombe" lisimame ndani ya kitabu chake cha Kiingereza. Mgeni alikopa kwetu, halafu sisi wenyewe tunafuta?

Kwa hiyo, mwandishi wa Kayanga, mhusika wako akiwa baa, mpe bia. Akienda ukweni, andika rubisi, wala usiweke tafsiri. Msomaji ataelewa.