Lulu Iliyopungua Herufi

Larry Wall, Mmarekani aliyesomea isimu, aliwahi kukusudia yeye na mkewe kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine huku kwetu Afrika, waitungie alfabeti. Afya ikamzuia. Akaangukia kwenye kompyuta, na Desemba 1987 akatoa lugha ya kuandikia programu aliyoitunga mwenyewe. Alitaka kuiita Pearl, yaani lulu, lakini jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na lugha nyingine. Akatoa herufi moja, ikabaki Perl.

Haja iliyomsukuma ilikuwa ya kila siku: kuchambua mafaili mengi ya maandishi na kuyatolea ripoti. Zana aliyokuwa nayo, awk, ilizidiwa. Fundi huyu akafua nyingine.

Ukiisoma Perl unauona mkono wa mwanaisimu. Jina la kitu kimoja hutanguliwa na alama ya $, la orodha ya vitu alama ya @. @vitabu ni rafu nzima. Ukichomoa cha kwanza unaandika $vitabu[0], maana hesabu huanzia sifuri. Sisi tuliolelewa kwa ki- na vi- jambo hilo halitushangazi: tumezoea mwanzo wa neno utuambie idadi. Tena, ukitaka mistari yenye neno samaki tu, unaandika print if /samaki/. Sharti limekuja nyuma ya tendo, na mstari wenyewe haukutajwa. Perl inajua ni ule ulioko mkononi, kama tunavyosema "nimekisoma" na msikilizaji asiulize kitabu gani.

Wall alishikilia kwamba njia ya kufanya jambo si moja. Walioifuata Python, lugha nyingine ya aina hiyo, wakapendelea njia moja iliyo wazi, nao wana hoja. Uhuru wa Perl umezaa programu fupi za kupendeza, umezaa pia mafumbo ambayo hata mwandishi wake hayafumbui baada ya miezi sita. Ndivyo lugha ilivyo: inayomwachia mshairi nafasi humwachia na mropokaji.

Kijana unayeanza leo, huenda ukafundishwa Python kwanza, na si vibaya. Siku ukipata wasaa, fungua Perl, andika mistari mitano, umpe mwenzako aisome. Asipoelewa, usimlaumu. Iandike upya.