Mto Usiokuwa Kitabuni

Katika miaka yangu ya ukufunzi, kabla sijakabidhiwa ukuu wa chuo, nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wetu huu wa Sengerema. Mwanachuo niliyemkagua alikuwa akifundisha jiografia. Aliwataka watoto wamtajie mto wanaoujua. Binti mmoja mdogo akasimama, akataja kijito kinachopita nyuma ya shule. Darasa likacheka. Mwanachuo akamwambia, "Kaa chini. Hicho si mto. Taja mto wa kitabuni." Mwingine akataja Nile, akapigiwa makofi. Nami niliyekaa nyuma na daftari langu la ukaguzi niliandika kwamba mwalimu amesahihisha kosa vizuri.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa kuvitafakari upya vitabu vitatu vya wasafiri waliokuja kwetu kutafuta chimbuko la Nile. Viwili nimevisoma mwenyewe kwa Kiingereza; cha tatu nilisimuliwa na rafiki ajuaye Kijerumani. Kwa maoni yangu, hivi ndivyo babu wa vitabu tulivyofundishia, na kosa la darasa lile lilianzia humo.

Wa kwanza ni Speke. Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa letu akiwa juu ya kilima huku Mwanza, akasadiki papo hapo kwamba ndilo chimbuko la Nile. Safari hiyo aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1864. Hatuwezi kumnyima haki yake, kwani Nile kweli hutoka humo. Lakini wakati ule hakuwa amelizunguka ziwa, wala hakuwa amefuata mto hata mmoja unaoingia humo. Kitabu kinachoanza na jibu hakimfundishi msomaji kutazama.

Wa pili ni Stanley. Huyu alifanya kazi. Mwaka 1875 aliiunganisha mashua yake, Lady Alice, kando ya ziwa pale Kageyi, akalizunguka ziwa kwa muda wa miezi miwili hivi. Katika kitabu chake, Through the Dark Continent, cha mwaka 1878, aliupa mto Simiyu cheo cha kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa. Hapo ndipo ninapomkosoa. Msukuma wa kando ya Simiyu anajua kwamba wakati wa kiangazi maji yake hupungua sana, na watu huchimba mchanga ili wapate ya kunywa na ya kunyweshea ng'ombe. Huo ndio utu wa mto ule, nao hauhitaji cheo cha Misri.

Wa tatu ni Mjerumani, daktari Richard Kandt. Huyu ndiye ninayempa alama za juu kuliko wenzake, maana alikubali kufuata kijito. Mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara mpaka chimbuko lake katika msitu wa Nyungwe, Rwanda. Maji hayo huingia Mwogo, kisha Nyabarongo, kisha Kagera, na mwisho ziwani kwetu. Lakini kitabu chake cha mwaka 1904 alikiita Caput Nili, yaani Kichwa cha Nile. Jina hilo linamsaliti. Kijito cha msituni kilipata heshima kwa sababu ya mkia ulio maelfu ya kilomita mbali. Tena heshima yenyewe haikudumu. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Waldecker, aliichagua chemchemi ya Kasumo huko Rutovu, Burundi, na mwaka uliofuata ikajengewa piramidi. Rukarara ukavuliwa taji, na maji yake hayakupungua wala kuongezeka hata tone.

Kichekesho ni kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hili ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mabwana hao walipokuwa wakigombea vijito, chanzo kikubwa kilikuwa kikizilowesha kofia zao.

Wahenga walisema, bahari iliko ndiko mito iendako. Ni kweli, lakini sisi walimu tuliufundisha mwisho wa safari tukaiacha safari yenyewe. Huko Ujerumani alikotoka Kandt, shule za msingi zilikuwa na somo liitwalo Heimatkunde, yaani elimu ya mahali pa nyumbani. Mtoto alianza na kilima, kinu cha kusagia na kijito cha kijijini kwake, ndipo akaenda mbali. Kwa njia hiyo hata kijito cha msituni ambacho mtu hukiruka bila kulowa kilipata historia yake. Nasi tusiwalaumu wageni peke yao. Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tangu mwaka 1967 tumfundishe mtoto kuyajua mazingira yake. Mimi niliihubiri chuoni, kisha nikaenda darasani nikaandika nilichoandika.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, nafika Mwanza bila kungoja kivuko. Nifikapo huenda kuutazama Mirongo, mto mdogo unaopita Mabatini na katikati ya jiji mpaka ziwani. Mvua kubwa zikinyesha hufurika na kubeba taka za kila aina. Wataalamu wameyapima maji yake, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa Mabatini hulijua chimbuko la Nile kabla ya kulijua chimbuko la Mirongo, na hatuwezi kumtaka akitunze kitu tulichomwambia kwamba si mto.

Mwaka jana nilipita tena katika shule ile. Kijito kimebaki mfereji wa mchanga. Niliwauliza walimu vijana jina lake, hawakulijua. Nilirudi nyumbani nikalifungua daftari langu la ukaguzi, ambalo bado ninalo. Nimekuta jina la mwanachuo, mada ya somo, na alama nilizompa. Jina la kijito alilotaja yule binti sikuliandika.