Mstari wa Kumi na Sita: Donald Knuth na Kazi ya Mhubiri

Ni nadra mtaalamu wa sayansi ya kompyuta kuandika kitabu ambacho mchungaji anaweza kukiweka mezani kando ya Biblia yake na kukitumia. Donald Knuth ameandika viwili. Cha kwanza, 3:16 Bible Texts Illuminated, kilitoka mwaka 1991. Cha pili, Things a Computer Scientist Rarely Talks About, yaani mambo ambayo mtaalamu wa kompyuta huyataja kwa nadra, kilitoka mwaka 2001. Ndani ya hiki cha pili imo mihadhara aliyoitoa mwaka 1999 katika chuo cha MIT, Marekani, akieleza mbele ya hadhara kwa nini na kwa njia gani alikiandika kile cha kwanza. Vitabu hivi si vipya, lakini twaona yafaa kuvihakiki sasa, maana swali la wanafunzi wetu wa theolojia juu ya kompyuta na mimbari limekuwa zito kuliko lilivyokuwa wakati ule.

Knuth alizaliwa mwaka 1938 mjini Milwaukee, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri, na ni mpiga kinanda. Alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya kutoka juzuu la kwanza la kazi yake kubwa, The Art of Computer Programming. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Turing, iliyo heshima ya juu kabisa katika taaluma yake. Kwa desturi yake ya miaka mingi, mtu wa kwanza kuona kosa katika vitabu vyake alilipwa dola 2.56. Mtu wa namna hiyo anapoifungua Biblia, twatazamia kwamba hataridhika na maneno ya jumla.

Njia yake ni nyepesi kuieleza. Katika kila kitabu cha Biblia alichukua sura ya tatu, mstari wa kumi na sita. Pale ambapo sura ya tatu ni fupi, aliendelea kuhesabu hadi sura inayofuata. Vitabu saba havifikii mstari huo, navyo ni Obadia, Hagai, Tito, Filemoni, Yohana wa Pili, Yohana wa Tatu na Yuda. Basi ikabaki mistari 59. Kila mmoja alimpa kurasa nne: utangulizi wa kitabu, mstari wenyewe katika mwandiko wa sanaa, na kurasa mbili za ufafanuzi. Miandiko hiyo iliandikwa na mafundi wa nchi nyingi, waliokusanywa kwa msaada wa Mjerumani Hermann Zapf, mbunifu wa herufi.

Katika mihadhara yake Knuth anaeleza kwamba hii ndiyo kazi ya sampuli, ambayo wataalamu wa kompyuta huitegemea kila siku. Msomaji wa Mbinga ataelewa jambo hili bila hisabati. Kahawa inapopimwa ubora, mkulima haachiwi kuchagua punje zake nzuri zikaonjwe. Huchukuliwa kiasi kidogo pasipo upendeleo, na kwa kiasi hicho shehena yote huhukumiwa. Sisi wahubiri mara nyingi tumekuwa kama mkulima anayejichagulia punje. Tunayo kalenda ya masomo, nayo hutusaidia. Hata hivyo kila mmoja wetu anayajua maandiko anayoyarudia na yale anayoyakwepa. Yupo Mkristo wa mwambao wa Nyasa aliyesikia habari za mwana mpotevu tangu utoto wake, naye hajasikia hata mara moja hubiri kutoka Maombolezo au Nahumu.

Kanuni ya Knuth haina huruma kwa desturi hiyo. Inamleta Samweli akiitwa na Eli, na wale makahaba wawili wakisimama mbele ya Sulemani. Inamleta mwombolezaji ambaye meno yake yamevunjwa kwa changarawe, na kanisa la Laodikia lililo vuguvugu. Tena inaleta Mwanzo 3:16, juu ya uchungu wa mwanamke na utawala wa mumewe. Mstari huo tumeusikia ukisomwa katika harusi kana kwamba ni amri ya ndoa, na mwanamke akarudi nyumbani akidhani Mungu ameusifu mzigo wake. Kwa kuwa Knuth hakuwa mtaalamu wa Kiebrania wala Kiyunani, alilazimika kulinganisha tafsiri na wafafanuzi wengi, neno kwa neno, ndipo akathubutu kuandika. Bidii hii ya mlei inatuaibisha sisi tuliosomeshwa lugha hizo na kuziacha darasani.

Hata hivyo tuna mashaka mawili.

La kwanza lahusu mstari wenyewe kama kipimo. Sura hazikuwekwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wake kwa kawaida huhusishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, na hesabu ya mistari ya Agano Jipya tuliyo nayo ni ya mchapaji Robert Estienne, mwaka 1551. Punje ya kahawa ni nzima hata ikitolewa guniani. Mstari wa Biblia hauko hivyo. Wamatengo wa Mbinga hulima miteremko mikali kwa mashimo ya ngolo: majani hukatwa na kulazwa kwa safu zinazokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Kila shimo hushika maji na udongo wa mvua, lakini shimo moja peke yake mteremkoni lingezolewa upesi. Nguvu yake hutoka kwa mashimo yaliyo juu yake, chini yake na kando yake. Ndivyo ulivyo Mwanzo 3:16. Mstari ulio kabla yake una ahadi ya uzao utakaomponda nyoka kichwa. Mistari michache baadaye Mungu mwenyewe anawavika wakosaji wale mavazi. Anayeuondoa mstari huo kati ya jirani zake anabaki na laana tupu. Knuth analijua jambo hili, ndiyo maana aliweka utangulizi wa kila kitabu. Lakini ukurasa mmoja hautoshi.

La pili ni la ungamo letu. Sampuli huichukulia kila sehemu kuwa sawa na nyingine. Luther, katika dibaji yake ya Waraka wa Yakobo ya mwaka 1522, alifundisha kwamba kila kitabu kipimwe kwa jinsi kinavyomhubiri Kristo. Maandiko yana kitovu. Hapa Knuth, aliye Mlutheri, anajifunua bila kukusudia: asema aliichagua namba 3:16 kwa sababu ya Yohana 3:16, ili walau mstari mmoja mkuu uwemo. Hilo hatumlaumu. Twasema tu kwamba hakuna msomaji anayeiendea Biblia bila kuwa na imani fulani kabla ya kuhesabu, na ni heri kuikiri waziwazi.

Sasa tuje kwenye swali la wanafunzi. Tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili mnemba zimefika hata kwenye simu za mkononi, nazo huandika hubiri la Kiswahili kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mwanafunzi huuliza: ikiwa Knuth aliiachia namba imchagulie mstari, kwa nini mimi nisiiachie mashine iniandikie hubiri?

Jibu twalipata katika vitabu hivi vyenyewe. Namba ilimpa Knuth mstari asioutaka, kisha ikamwachia kazi yote. Alikosa njia ya kuukimbia. Mashine inayoandika hubiri hufanya kinyume: humwachia mhubiri uchaguzi na kumwondolea kazi. Lakini ni katika kazi ile Neno humhukumu na kumfariji mhubiri kwanza, kabla hajapanda mimbarini. Mchungaji wa Liuli au Mbamba Bay aliyeitwa kusema na wake za wavuvi ambao mtumbwi wao haukurudi atapata kwa mashine sentensi zilizo sahihi. Wale wanawake wanamtaka mtu ambaye usiku ule alishindana na Andiko kwa ajili yao.

Twashauri vitabu hivi viwekwe katika maktaba za vyuo vyetu. Zaidi ya hayo, kila mchungaji achague mara moja kwa mwezi kitabu ambacho hajakihubiri, afungue sura ya tatu na mstari wa kumi na sita, asome sura nzima pamoja na wazee wa usharika, kisha auandike mstari ule kwa mkono wake mwenyewe. Asipopata hubiri mwezi huo, atakuwa walau amejua ni wapi katika Biblia yake alikuwa bado mgeni.