Jinsi Sauti ya «Loveless» Ilivyotengenezwa

Aghlabu mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza albamu ya Loveless, iliyotolewa na kundi la My Bloody Valentine mwezi wa Novemba 1991, hudhani kwamba magitaa chungu nzima yamerundikwa moja juu ya jingine. Na dhana hiyo, ijapokuwa ina udhuru wake, si sahihi, kwani Kevin Shields, aliyeliasisi kundi hilo mjini Dublin mwaka 1983 pamoja na mpiga ngoma Colm Ó Cíosóig, na ambaye karibu magitaa yote humo ni kazi ya mikono yake, amekariri kusema kwamba ni machache kuliko wafikirivyo watu.

Siri, kwa maoni yangu, imo katika mkono wa kulia. Gitaa la Fender Jazzmaster lina kijiti cha chuma kilichoungana na mahali zilipofungwa nyuzi, na desturi ya wapigaji ni kuutoa mlio kwanza, kisha kukisukuma kijiti ili mlio uteteme. Shields alikifumbata kijiti kiganjani muda wote huku akicharaza, hata kila mcharazo ukazilegeza na kuzikaza nyuzi zote kwa kiasi kidogo, zikawa hazitulii juu ya noti yake wala haziihami kabisa. Nalo sikio, likikosa pa kutua, huhesabu magitaa matatu palipo na moja. Juu ya hayo akatia mwangwi wa kinyume kutoka mashine ya Yamaha SPX90: mwangwi wa kawaida huanza kwa nguvu ukafifia, ilhali huu huanza kwa unyonge, ukavimba, kisha ukakatika, na maadamu aliuacha usikike peke yake bila ya mlio asilia, ule mgoto wa kwanza wa uzi unapoguswa ukatoweka.

Sauti za waimbaji nazo zilitafutiwa ulaini huohuo. Bilinda Butcher, mwimbaji wa kundi, mara nyingi aliamshwa asubuhi mapema aimbe, usingizi haujamtoka, na kioo cha chumba cha kuimbia kikafunikwa kwa mapazia, mafundi wasione kitu.

Kazi ilichukua zaidi ya miaka 2 katika studio 19, na gharama iliyoilemea kampuni yao ya rekodi, Creation, ingali ikibishaniwa.

Lakini jambo lisilosemwa vya kutosha ni ngoma. Kwa kuwa Ó Cíosóig alikuwa mgonjwa, sehemu kubwa ya mapigo yake ilirekodiwa vipande vipande, ikapangwa upya kwa mashine ya sampla, nayo ikatoka imenyooka. Na unyoofu huo ndio unaoudhihirisha mpepesuko wa magitaa, maana kiyumbacho hakitambulikani ila kando ya kisichoyumba. Katika wimbo wa «To Here Knows When» ngoma zimezamishwa hata hazisikiki sawasawa, sikio likakosa cha kushikilia, na bila ya shaka ndiyo sababu wimbo huo humlevya msikilizaji kuliko nyimbo zote za albamu.