Mafuriko Yasiyo na Kilio: Picha ya Sisley ya Mwaka 1876

Mwezi wa Machi 1876, majira ya kuchipua yalipokaribia, mto Seine ulifurika huko Port-Marly, magharibi ya Paris. Alfred Sisley, mmoja wa kundi la Waimpreshonisti lililofanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1874, alikuwa akikaa jirani, Marly-le-Roi, akayachora mafuriko hayo mara kadhaa. Picha iliyo mashuhuri kupita zote imo katika jumba la Orsay, Paris.

Upande wa kushoto imesimama nyumba ya muuza mvinyo, nayo maji yamefika ukutani. Karibu yake zipo mashua ndogo na watu wachache. Kulia miti imesimama majini, na juu imetanda mbingu pana yenye mawingu. Hapana aliaye wala akimbiaye. Ndipo huzuka lawama: je, mchoraji huyu alikosa huruma, hata akaufanya msiba wa jirani zake kuwa pambo la macho?

Lawama hiyo haisimami. Atakaye kuliza watu angalichora nyuso. Sisley ameonyesha mashua zilivyotwaa kazi ya miguu palipokuwa na njia. Nyumba ameichora kwa mistari iliyonyoka, imara. Maji ameyachora kwa mapigo mafupi ya brashi, vipande vya rangi visivyotulia. Katika tofauti hiyo ndimo ilimo habari yote ya mafuriko: ukuta umebaki, ardhi iliyouzunguka imepotea. Huruma imo, ila haikupazwa sauti.

Wako wafasiri watumiao neno masika kwa majira ya kuchipua ya Ulaya, nao hukosolewa kwamba masika ni mvua, wala si maua. Mbele ya picha hii ukosoaji huo hupungua nguvu, maana hamna ua hata moja, na majira yajulikana kwa maji.

Ikiwa picha ina upungufu, uko mbinguni: mawingu ni mazuri mno, hata jicho huelekea kuisahau nyumba.

Sisley alifariki Januari 1899 katika ufukara. Mwaka uliofuata picha hii ilinunuliwa mnadani kwa faranga 43,000. Walionunua walikuwa wamekwisha kujifunza kusikiliza sauti ya chini. Mwenye sauti hakuwapo tena.