Simba wa Mabilioni na Watazamaji wa Mirongo

Siku hizi sinema husifiwa kwa fedha iliyoingia mlangoni kabla ya mtu kuuliza ina nini ndani. Mwaka 2019 kampuni ya Disney ya Marekani ilikitoa upya kisa cha The Lion King, ikavuna zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote. Ile ya asili, katuni iliyochorwa kwa mkono mwaka 1994, ilipata katika mzunguko wake wa mwanzo dola milioni 760 hivi. Mzazi akizisoma tarakimu hizi atasema: basi ile mpya ni bora mara mbili, tuwachukulie watoto hiyo.

Hebu tuzipime. Huko Marekani, mwaka 1994 tikiti ilikuwa kwa wastani dola 4 na senti kidogo. Mwaka 2019 imekwisha pita dola 9. Sinema ya kwanza ilikusanya huko zaidi ya dola milioni 300, na ya pili zaidi ya milioni 540. Gawa mwenyewe kwa bei ya tikiti: za kwanza zapita milioni 70, na za pili hazifiki milioni 60. Fedha imeongezeka, watu wamepungua. Nao hao ni wale tu walioingia katika majumba yanayopeleka hesabu kwa mwenye sinema.

Sasa nikuchukue Mirongo, katikati ya mji wa Mwanza, unakopita mto wa jina hilohilo ukielekea Ziwa Viktoria. Mwanza ilikuwa na sinema zake kama miji yetu ya pwani, lakini kufikia mwaka 1994 biashara hiyo ilikuwa imekwisha zorota Tanzania nzima, na kanda za video zimeshika mahali pake. Watoto walimjua Simba kwa kanda, na baadaye kwa diski, wamebanana kwenye mabenchi ya banda la video au wameketi mkekani mbele ya televisheni ya jirani, kanda moja ikirudiwa hata picha ikaanza kukatikakatika. Hakuna hata mmoja wao aliyemo katika yale mamilioni. Kwa daftari la wenye sinema, Mirongo haijamwona Simba. Na tuseme haki kwa pande zote: nakala nyingi za mabandani zilikuwa za wizi, na mtu anayetoza kiingilio kwa mali asiyoinunua hapati udhuru kwa kuwa aliyeibiwa ni tajiri.

Lakini na huyo tajiri naye, alichukua wapi? Watengenezaji walikuja Kenya kabla ya kuchora, wakalitembelea bonde la Hell's Gate, wakaondoka na sura ya majabali na nyika. Wakachukua na maneno yetu: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Fisi jike wakamwita Shenzi. Msomaji wa pwani hana haja ya kuambiwa neno hilo lilikuwa la nani kumwita nani zama za ukoloni; mtoto wa Ulaya hulitamka kama jina la mchezo, na wetu akilitamka mbele ya bibi yake atajua. Kisha ilipofika zamu ya kuifasiri sinema, lugha ya Kiafrika iliyopewa nakala yake ilikuwa Kizulu. Kiswahili kilitoa majina tu. Ajabu nyingine ni kwamba kutoka Mwanza hadi lango la Ndabaka la Serengeti ni mwendo wa saa chache kwa basi, na bado mtoto wa Mirongo alimjua mnyama wa jirani yake kwa kalamu ya California.

Pamoja na hayo yote, ile ya mwaka 1994 ni sinema njema, nami nasema hivyo bila kutazama pato lake. Ukivua manyoya, ni kisa cha yatima. Ami amuua nduguye kwa tamaa ya ufalme, kisha amgeukia mtoto wa marehemu na kumtia moyoni kwamba yeye ndiye aliyemfisha babaye, amfukuze, akalie urithi. Nyumba ngapi tunazozijua ambamo hayo yametendeka bila ya simba! Mtoto akimbilia msituni, na huko apata rafiki wawili wanaomfundisha kutojali kitu: hakuna matata. Akua mnene na mchangamfu, na amana yake inaangamia. Sinema yenyewe haikubaliani na funzo hilo. Haitulii mpaka kijana arudi akabili yaliyomngoja.

Na ni maneno gani yaliyotolewa katika kisa hiki yakafanywa bidhaa? Hayohayo ya kukimbia. Disney waliomba mwaka 1994, na mwaka 2003 wakasajiliwa huko Marekani, kuwa "Hakuna Matata" ni alama yao ya biashara katika nguo. Maneno ambayo Them Mushrooms wa Mombasa walikwisha yaimba katika "Jambo Bwana" ya mwaka 1982, nao waliyakuta mdomoni mwa watu. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kupinga. Kweli, usajili ule haumzuii mtu kuyasema. Lakini fulana ile yauza nusu ya kisa, tena nusu iliyo kosa.

Ile ya mwaka 2019 ilikirudia kisa karibu hatua kwa hatua, kwa wanyama wa kompyuta waliofanana na wa kweli hata unyoya. Hapo ndipo ilipoharibika. Mtoto anapojipenyeza chini ya mkono wa baba aliyekufa, katuni ya zamani ina uso unaolia. Huyu mpya ana uso wa mnyama wa mbugani, na simba wa mbugani halii kwa uso. Mabilioni hayakuliona hilo.

Desemba 2024 ikaja Mufasa, ikapata zaidi ya dola milioni 700, chini ya nusu ya ile iliyotangulia, na wafanyabiashara wakanung'unika. Mimi nina nung'uniko jingine. Mufasa sasa ni mtoto aliyepotezana na wazee wake kwa mafuriko akalelewa na watu baki, na Scar, aliyekuwa akiitwa Taka (mwana wa mfalme, Taka!), si nduguye wa damu tena. Basi ami hakuna. Wamekifumua kile kisa ambacho watoto wa mabenchi ya Mirongo walikifahamu pasipo neno la Kiingereza.