Pongezi kwa Goodwill

Mkongomani aliyehamia Columbus, Louisville au Buffalo aliijua mitumba tangu kwao. Kwenye maduka ya shirika la hisani la Goodwill anakutana na chimbuko la mitumba hiyo. Mchungaji Mmethodisti Edgar Helms aliianzisha Boston mwaka 1902: alikusanya nguo kuukuu kwa wenye nazo, akawaajiri maskini kuzishona viraka na kuziuza. Sifa yake iko hapo, kwamba hakugawa nguo tu, aligawa kazi. Wanaonung'unika kuwa duka linauza kilichotolewa bure wanasahau kwamba koti la kupewa humfaa mtu mmoja, ilhali mauzo yake humlipa mchambuzi wa nguo, mafunzo ya anayetafuta ajira na hata bili ya umeme (naam, wema nao una bili). Lawama nzito ni ya mishahara: sheria ya Marekani ya mwaka 1938 iliruhusu kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini, na baadhi ya matawi ya Goodwill yaliitumia. Hilo silitetei. Lakini hesabu za Goodwill ziko wazi kwa umma, kwani sheria ya Marekani inailazimu kumwonyesha yeyote anayeomba taarifa yake ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, mshahara wa mkurugenzi ukiwemo. Makanisa hayalazimiki hivyo.